Kusoma Mawe ya Misri: Somo kwa Wanaosafiri na kwa Wanaobaki Nyumbani



Siku hizi wamekuwa wengi makanisani mwetu wanaoweka akiba miaka miwili mitatu ili wakaione Nchi Takatifu. Misafara mingi ya namna hiyo hupitia Misri kwanza: hushuka Cairo, huonyeshwa piramidi, ndipo huendelea na njia. Wengine hupanda juu zaidi, mpaka Luxor na Aswan. Mimi nami nilipata nafasi hiyo baada ya kustaafu kufundisha, na tangu niliporudi nimeombwa mara nyingi nieleze niliyoyaona. Sitaeleza habari za ndege wala chakula cha hoteli, maana hizo hazimfai mtu asiyekuwapo. Nitaandika somo. Aliyekwisha kwenda na apime nisemayo. Anayejiandaa na alisome kabla ya kufunga mizigo. Na asiye na nauli asidhani kwamba halimhusu, kwa sababu jambo lililotokea katika kundi letu pale Giza lingeweza kutokea hata katika darasa la Shule ya Jumapili.

Jambo lenyewe ni hili. Tulipofika mbele ya piramidi kubwa, mzee mmoja wa kundi letu, mtu wa heshima na mcha Mungu, alivua kofia akasema kwa sauti, "Hapa ndipo walipoteswa wana wa Israeli." Akina mama wawili wakaanza kutokwa na machozi. Mwongozaji wetu, kijana wa Kimisri aliyesomea kazi yake chuo kikuu, akajibu kwa upole, "Hapana, mzee wangu. Hawa hawakujengwa na Waisraeli." Ukawa ubishi. Mmoja akanong'ona kwamba kijana ni Mwislamu, bila shaka anaipinga Biblia. Neno hilo likapita kundi zima, na tangu saa ile mpaka jioni hakuna aliyemsikiliza tena kwa moyo. Alieleza, watu wakapiga picha.

Basi tuulize kama tunavyowauliza wanafunzi: nani alikuwa na haki?

Fungueni kitabu cha Kutoka, mlango wa 1. Someni polepole mpaka mstari wa 14. Mtaona kwamba Waisraeli walijengeshwa miji ya akiba, Pithomu na Ramesesi, na kwamba waliteswa kwa kazi ya udongo na matofali na kazi za mashamba. Hakuna piramidi hapo. Someni Biblia yote, hamtalikuta jengo hilo likitajwa kuwa kazi yao. Piramidi kubwa ni ya mawe, wala si ya matofali. Nayo ilijengwa kwa ajili ya farao Khufu, yapata mwaka 2560 kabla ya Kristo. Ibrahimu wataalamu wengi humweka karibu na mwaka 2000 K.K., na wengine baada ya hapo. Maana yake ni kwamba siku Ibrahimu aliposhuka Misri kwa sababu ya njaa, kama tusomavyo katika Mwanzo 12, piramidi zilikuwa zimekwisha simama miaka mia kadhaa. Hata Yusufu na Mariamu walipokimbilia Misri na mtoto, zilikuwa na umri wa miaka 2,500 na zaidi. Tangu siku hiyo mpaka leo ni miaka michache kuliko hiyo.

Kwa hiyo kijana yule hakuipinga Biblia. Aliyeongeza neno ambalo Biblia haikusema alikuwa mwenzetu. Nasema hivi si kwa kumdharau mzee wetu, ambaye alifundishwa hivyo tangu utoto, na sinema za Marekani zimelizidisha jambo hilo. Nalisema kwa sababu ya vijana. Mtoto akifundishwa kwamba Waisraeli walijenga piramidi, kisha akafika sekondari au chuo akasoma tarehe zenyewe, hatasema, "Mwalimu wangu wa Jumapili alikosea." Atasema, "Biblia imekosea." Nimewaona vijana wa namna hiyo katika miaka yangu ya kufundisha, na si wachache.

Mashahidi ni watatu

Mtu anaposimama mbele ya jengo la kale, mashahidi watatu humjia kwa pamoja. Wa kwanza ni jiwe lenyewe na vitu vilivyochimbuliwa karibu nalo. Wa pili ni kitabu, yaani maandishi ya watu wa kale. Wa tatu ni mapokeo, yaani yale ambayo watu wa mahali pale wamesimuliana kizazi baada ya kizazi. Wote watatu wana thamani yao, lakini hawalingani, na taabu ni kwamba mwongozaji huwasemea wote kwa kinywa kimoja. Atasema, "Nguzo hii ina urefu wa meta 21," na papo hapo, kwa sauti ile ile, atasema, "Hapa ndipo malkia alipolia." La kwanza limepimwa. La pili, je? Ni kazi ya msikilizaji kuyatenga.

Waongozaji ni waongozaji kila mahali. Aliyewahi kutembezwa katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, atakumbuka anavyoonyeshwa nguzo ambazo, wasema, mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu Steere alipokuwa safarini. Hadithi tamu, na kila mgeni huondoka nayo. Ila mwenye busara atauliza: nani aliiandika, na lini?

Swali hilo linatosha kwa safari nzima: umejuaje? Liulize kwa adabu. Mwongozaji mzuri hulifurahia, maana amechoka na maswali ya wapi pa kununua sanamu.

Tulitumie kwa Sfinksi, lile sanamu lenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, lililochongwa katika mwamba wenyewe, urefu wake meta 73. Pua yake haipo. Watu wengi husimulia kwamba askari wa Napoleon waliipiga kwa mzinga. Umejuaje? Napoleon aliingia Misri mwaka 1798. Lakini msafiri wa Denmark, Frederic Norden, alilichora sanamu hilo mwaka 1737, na katika mchoro wake pua haipo. Tena al-Maqrizi, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika kwamba uso ule uliharibiwa na mtu mmoja mwaka 1378. Basi Napoleon ana makosa yake mengi, ila hilo si lake.

Au tazama jambo jingine. Mahujaji wa Ulaya wa zamani walipoziona piramidi walisema ni maghala ya Yusufu, alimowekea nafaka za miaka saba. Hata ndani ya kanisa la Mtakatifu Marko, Venice, zimechorwa hivyo ukutani. Lakini anayeingia ndani ya piramidi ya Khufu, kwa kuinama mpaka mgongo unauma, huona upesi kwamba karibu yote ni jiwe tupu. Ina nafasi ndogo tu za njia na vyumba. Ghala gani hilo lisilo na mahali pa kumwaga gunia?

Walioijenga ni nani?

Piramidi ya Khufu ilikuwa na urefu wa meta 146 na kitu kwenda juu. Sasa imebaki kama 138. Kila upande wa msingi wake ni meta 230. Mawe yake hukadiriwa kuwa milioni 2.3. Zamani ilivikwa mawe meupe laini kutoka Tura, ng'ambo ya pili ya mto, lakini baada ya tetemeko la nchi la mwaka 1303 mengi yalichukuliwa kujengea Cairo. Kwa muda wa miaka ipatayo 3,800 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo, mpaka ulipomalizika mnara wa Kanisa Kuu la Lincoln, Uingereza, mwaka 1311. Mnara ule uliangushwa na dhoruba mwaka 1548. Wanaopenda kujivunia majengo ya kanisa na walifikiri jambo hilo.

Herodoto, Myunani aliyeandika katika karne ya 5 K.K., alisema walifanya kazi watu 100,000 kwa miaka 20. Lakini alifika miaka 2,000 baadaye; aliandika alichoambiwa na waongozaji wa siku zake. Naam, hata yeye alitembezwa!

Ushahidi bora umepatikana karibu na siku zetu. Mwaka 1990 farasi alijikwaa mchangani kusini ya Sfinksi, na palipochimbwa palikutwa makaburi ya wajenzi wenyewe. Baadhi ya mifupa ilikuwa imevunjika ikaunganishwa vizuri, yaani walitibiwa. Karibu na hapo wachimbuzi wamefukua mji wa wafanyakazi, wenye majiko ya kuokea mikate na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi waliochinjwa. Kisha mwaka 2013, pwani ya Bahari ya Shamu mahali paitwapo Wadi al-Jarf, Mfaransa Pierre Tallet na wenzake walikuta karatasi za mafunjo, za zamani kuliko zote zenye maandishi zilizopata kuonekana. Mojawapo ni daftari la kazi la msimamizi aitwaye Merer. Ameandika siku kwa siku jinsi yeye na kikosi chake walivyobeba mawe kwa mashua kutoka Tura mpaka Giza, katika siku za Khufu. Leo tumepakia, leo tumelala njiani, leo tumerudi. Mimi niliyejaza daftari la mahudhurio miaka zaidi ya 30, habari hiyo ilinigusa kuliko dhahabu yote ya Tutankhamun.

Je, walikuwa watumwa? Wataalamu wengi sasa wanasema hapana, si watumwa wa kununuliwa. Maana mtumwa hazikwi katika kaburi lake mwenyewe karibu na la mfalme. Lakini tusiende upande wa pili tukadhani walikuja kwa hiari yao wakiimba. Wengi waliletwa kwa zamu kutoka vijijini, kazi ikiwa kama kodi. Wazee wetu waliojua msaragambo, na waliojua pia kazi za kulazimishwa wakati wa ukoloni, wataelewa kwamba kati ya utumwa na hiari kuna nafasi pana.

Ukuta wa Karnak

Sasa tupande mto mpaka Luxor, ambako kwangu ndiko kilele cha safari kwa msomaji wa Biblia. Hekalu la Amuni huko Karnak lina ukumbi wa nguzo 134, na zile 12 za katikati zina urefu wa meta 21. Makundi yote huingizwa humo, hupewa robo saa ya kupiga picha, kisha huitwa basini. Ninyi ombeni dakika kumi zaidi. Katika ua wa kwanza, upande wa kusini, karibu na hekalu dogo la Ramesesi wa 3, kuna mlango wa kutokea. Tokeni hapo, kisha geukeni mtazame ukuta kwa nje.

Mtaona safu kwa safu za mateka waliofungwa kamba, zaidi ya 150. Kila mmoja ameonyeshwa kichwa na mabega tu. Badala ya tumbo ana kibao cha duara kama ngome, na ndani yake limeandikwa jina la mji. Hii ni kazi ya farao Sheshonq wa 1, aliyefanya vita Kanaani yapata mwaka 925 K.K. Ndiye yule ambaye Biblia yetu humwita Shishaki, aliyepanda juu ya Yerusalemu katika mwaka wa 5 wa Rehoboamu, akachukua hazina za nyumba ya Bwana na ngao za dhahabu za Sulemani (1 Wafalme 14:25-26). Katika majina yale limo la Megido. Na huko Megido kwenyewe, katika miaka ya 1920, kilikutwa kipande cha jiwe chenye jina la farao huyo huyo. Jiwe na kitabu vimekutana. Mahali pa namna hiyo si pengi duniani, na watalii hupapita bila kugeuza shingo.

Lakini hapa napo mwanafunzi awe macho. Champollion, Mfaransa yule aliyefumbua maandishi ya Kimisri mwaka 1822, alipofika Karnak miaka michache baadaye, alisoma jina mojawapo akatangaza kwamba lasema "ufalme wa Yuda". Wakristo wa Ulaya walishangilia sana. Kumbe sivyo. Waliokuja baada yake waliona kwamba ni jina la mahali tu, mji mdogo katika orodha ya miji. Kusoma alijua kuliko watu wote wa wakati wake, ila alisoma kile alichotamani kukiona. Na Yerusalemu, je? Katika majina yanayosomeka leo, Yerusalemu haumo. Ukuta umeharibika mahali pengi. Tena Rehoboamu alitoa hazina, na huenda mji haukutekwa. Atakayewaambia kwamba ukuta ule umeandika habari za Yerusalemu amezidisha, na atakayewaambia kwamba kutokuwapo kwake kunaivunja Biblia naye amezidisha.

Ushahidi mwingine ulipatikana ng'ambo ya mto, magharibi ya Luxor, mwaka 1896. Mwingereza Flinders Petrie alikuta jiwe refu la meta 3 katika hekalu la farao Merneptah, mwana wa Ramesesi wa 2. Limeandikwa yapata mwaka 1208 K.K., na sasa limehifadhiwa Cairo. Karibu na mwisho wake limo jina Israeli. Hakuna andiko la zamani zaidi nje ya Biblia ambalo wataalamu kwa jumla wamekubali kwamba linawataja. Kando ya majina mengine mwandishi ameweka alama ya nchi au mji, lakini kando ya Israeli ameweka alama ya watu, kana kwamba walikuwa kabila lisilo na mji mkuu bado. Na asema nini juu yao? Farao anajisifu kwamba amewamaliza kabisa. Miaka 3,200 imepita. Kiko wapi kiti chake?

Mambo yaliyozama

Kusini ya Aswan mto umegeuka kuwa ziwa kubwa kwa sababu ya Bwawa la Aswan. Ndugu zetu wa Mwanza na Bukoba wajue kwamba sehemu ya maji yale imetoka kwao, ingawa mafuriko ya kila mwaka yaliyoleta udongo mweusi wa Misri yalitoka hasa milima ya Ethiopia. Bwawa lilipopangwa ilijulikana kwamba mahekalu mengi yatazama, na mwaka 1960 UNESCO iliomba mataifa yasaidie.

Kilichofanyika Abu Simbel ni ajabu kweli. Hekalu la Ramesesi wa 2, lililochongwa ndani ya mlima, lilikatwa vipande zaidi ya 1,000 kati ya mwaka 1964 na 1968, likapandishwa meta 65 juu na kurudishwa nyuma kama meta 200. Mlima unaouona leo nyuma ya sanamu zile una kuba la zege ndani yake. Mwongozaji atawaonyesha yote hayo, na anayo haki ya kuyasifu. Hekalu la Isisi la Philae nalo lilihamishiwa kisiwa kingine, kazi iliyomalizika mwaka 1980. Huko Philae tazameni vizuri nguzo za ukumbi: kuna misalaba iliyochongwa, maana katika karne ya 6 hekalu liligeuzwa kanisa la Mtakatifu Stefano. Mtaona pia sura za miungu zilizofutwa kwa patasi. Mmoja wetu alisema "Amina". Mimi sikuweza kuitikia. Naelewa kwa nini walifanya hivyo, maana ibada ya Isisi ilikuwa hai machoni pao. Lakini mkono uliofuta uso ule ulifuta pia kazi ya fundi ambayo hakuna mwingine atakayeirudia.

Neno ambalo mwongozaji huenda asiwaambie msipouliza ni la watu. Mawe yaliokolewa, Wanubia walihamishwa. Upande wa Misri watu wapatao 50,000 walitolewa vijijini mwao mwaka 1963 na 1964, wakapelekwa Kom Ombo. Upande wa Sudan karibu idadi hiyo hiyo walitolewa Wadi Halfa wakapelekwa Khashm el-Girba, mbali sana na mto wao. Nyumba zao, mitende yao na makaburi ya wazee wao yako chini ya maji. (Wanubi wa Kibera na wa Bombo, ambao wengi wetu tunawajua, wana jina linalofanana, lakini hao ni wazao wa askari waliotoka Sudan katika karne ya 19. Wasichanganywe.) Dunia nzima ilichanga fedha kwa ajili ya sanamu za mfalme aliyekufa. Sisemi ilikosea. Ila tunapolipa kiingilio Abu Simbel, tukumbuke na wale waliolipa kwa kuhama.

Chini ya ziwa hilo kuna jambo lingine linalotuhusu sisi Wakristo wa Afrika kuliko piramidi zote. Nubia ilikuwa nchi ya Kikristo tangu karne ya 6, yenye wafalme, maaskofu na makanisa makuu, kwa muda wa miaka kama 900. Katika mji wa Faras, mpakani mwa Sudan na Misri, Profesa Kazimierz Michałowski wa Poland alichimba mwaka 1961 mpaka 1964, akakuta kanisa kuu lililojaa mchanga mpaka darini. Mchanga ulipoondolewa zilionekana kutani picha zaidi ya 120, rangi zake zikali hai. Katika picha moja yumo Askofu Petros, wa karne ya 10, uso wake mweusi, na nyuma yake Mtume Petro amemwekea mikono. Picha hizo zilibanduliwa kwa haraka kabla maji hayajafika. Zaidi ya nusu ziko Warsaw, na nyingine zilipelekwa makumbusho ya Khartoum, ambayo katika vita vilivyoanza Aprili 2023 iliporwa vibaya.

Miaka mingapi tumeambiwa kwamba Injili ililetwa Afrika na wazungu katika merikebu? Hapa yupo askofu Mwafrika, miaka zaidi ya 800 kabla ya Livingstone, amesimama na mavazi yake mbele ya mtume. Wala hakuna msafara wa kanisa nilioujua ambao ratiba yake imetaja jina la Faras.

Machache kwa wanaofunga mizigo

Nendeni kati ya Novemba na Februari, maana jua la Luxor la mwezi wa Julai si la watu wazima wa umri wetu. Viatu viwe vya zamani vilivyokwisha zoea mguu. Magoti yakiwa mabovu, msiingie ndani ya piramidi. Hamtakosa kitu kikubwa. Msiguse michoro ya kuta, maana jasho la mikono na hata pumzi zetu huiharibu. Kwa sababu hiyo kumetengenezwa nakala ya kaburi la Tutankhamun, iliyofunguliwa mwaka 2014, na si aibu kuitazama hiyo. Mtapelekwa dukani kununua picha za mafunjo. Tazameni kwa makini, kwa sababu nyingine zimetengenezwa kwa mgomba, nasi tuna migomba nyumbani. Chukueni Biblia ndogo na daftari. Kila jioni andikeni mambo matatu tu: nililoliona kwa macho, nililoambiwa, na nitakalouliza kesho.

Kwa vikundi vitakavyotumia somo hili: someni Kutoka 1:8-14 na 1 Wafalme 14:21-28. Mmoja asome kwa sauti, wengine waandike ni vitu gani hasa vimetajwa kuwa vilijengwa au kuchukuliwa. Kisha linganisheni na yale mliyofundishwa mlipokuwa watoto. Someni pia Mathayo 2:13-15, mtafute kama limetajwa jina la mahali popote pa Misri, kwa sababu huko Cairo ya kale mtaonyeshwa pango chini ya kanisa la Abu Serga, na mtaambiwa kwamba Familia Takatifu ilipumzika humo. Jadilini: shahidi huyo ni yupi kati ya wale watatu, nanyi mtamjibu nini mtoto atakayewauliza?